Kabla ya Kumwita Muuzaji Mwizi: Namna ya Kuchunguza Hedifoni Inayokatakata



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, Tunduma. Jioni moja kijana wa kwaya, mwimbaji wa besi, alinijia amefura. "Frateri, yule mzee wa sokoni kanipiga! Hedifoni haina hata wiki mbili, inakatakata tu. Kesho naenda na washkaji tukamwoneshe." Mwalimu wa kwaya alikuwa amemtumia sauti ya besi kwa WhatsApp, naye alikuwa akijifunza njiani akitoka kazini. Sauti inakuja, inapotea, inarudi.

Nikamuuliza, "Umejuaje kosa ni la muuzaji?" Akajibu, "Si inakatika?"

Hapo ndipo penye somo letu. Kukatika tunakusikia, sababu yake bado hatuijui. Katika falsafa tulisoma kanuni aliyoieleza John Stuart Mill mwaka 1843: ukitaka kujua sababu, linganisha hali mbili zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa kimoja. Yaani, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja, hata tatizo likiisha hutajua dawa ilikuwa ipi.

Kwanza tuielewe Bluetooth yenyewe. Jina limetoka kwa Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10 aliyepokea Ukristo, ambaye jina lake la utani lilimaanisha "jino la buluu". Ni redio ndogo, yenye mawimbi ya karibu gigahezi 2.4. Kwa vifaa vingi vidogo hufika kama mita 10 hivi. Haipiti kwenye mnara wowote. Ni simu yako na hedifoni yako tu.

Sasa twende hatua kwa hatua.

1. Tenganisha intaneti na Bluetooth. Piga wimbo uliohifadhiwa kwenye simu yenyewe, si wa mtandaoni. Usipokatika, hedifoni haina kosa. Angalia bando au mtandao. Hapa mpakani simu inaweza kudaka mnara wa upande wa Nakonde, intaneti ikayumba, nawe ukailaumu hedifoni bure.

2. Chaji ijae. Betri ikikaribia kuisha, mawasiliano huweza kuyumba. Kama ni zile ndogo za kwenye kikasha, futa kwa kitambaa kikavu vile vichuma vya kuchajia. Vumbi likizuia chaji upande mmoja, upande huo utazima mapema.

3. Hamisha simu. Mwili wa binadamu una maji mengi, na maji hufyonza mawimbi haya. Simu ikiwa mfuko wa nyuma, mwili wako wote umesimama katikati kama ukuta. Ndani ya nyumba mawimbi hugonga kuta na kurudi, kwa hiyo yanapata njia nyingine. Barabarani penye uwazi hayana pa kugonga. Ndiyo maana hedifoni inayotulia chumbani inaweza kusumbua nje.

4. Angalia kama kuna simu nyingine inayoidaka. Hedifoni hukumbuka vifaa ilivyowahi kuunganishwa navyo. Kama dada yako aliitumia jana, zima Bluetooth ya simu yake, kisha jaribu.

5. Futa muunganisho, uanze upya. Kwenye mipangilio ya Bluetooth, ondoa hedifoni hiyo kabisa, izime, iwashe, iunganishe tena.

6. Zima hali ya kuokoa betri. Simu nyingi huisimamisha programu ya muziki kioo kinapozima.

7. Sogea mbali na Wi-Fi. Nyingi hutumia mawimbi ya eneo hilohilo la 2.4, na hata oveni ya maikrowevu huvuruga.

8. Jaribu simu nyingine. Hedifoni ikikatika kwa kila simu, imeharibika. Ikitulia, tatizo liko kwenye simu yako.

Basi, tukajaribu na yule kijana. Tulikaa sebuleni tukapiga ile sauti ya besi iliyokwisha kuhifadhiwa: haikukatika. Tukatoka barabarani, simu mfuko wa nyuma: ikakatika. Tukaihamishia mfuko wa shati, kila kingine kilekile: ikatulia mpaka tukarudi nyumbani. Kijana akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Frateri, ningemwaibisha mzee wa watu."

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inaiita hukumu ya haraka: kuamini, hata kimoyomoyo, kwamba jirani amekosa bila kuwa na msingi wa kutosha. Wengi tunadhani dhambi ya namna hiyo huanzia kwenye mambo makubwa. Kumbe inaweza kuanzia kwenye mfuko wa suruali.

Sisemi usidai haki yako. Ukifika hatua ya nane na hedifoni ni mbovu kweli, mrudie muuzaji na risiti, umwamkie, umweleze ulichojaribu. Nenda peke yako, bila washkaji.

Na ukikatiza barabara kuu kwenye foleni ya malori, vua hedifoni, hata kama leo haikatiki.

Swali la kutafakari wiki hii: ni nani nimeshamhukumu moyoni, na nilichunguza nini kabla?

Mungu awabariki.