Mzee Anayetetemeka na Kijana wa Unga: Somo kwa Kamati za Usharika

Katika ziara zetu kisiwani Mafia tumesikia hukumu mbili zikitolewa haraka mno. Mzee anayetetemeka mkono huambiwa ni uzee tu, au amerogwa. Kijana anayetumia unga huitwa teja, na habari zake huishia hapo. Toleo hili tunapenda kueleza kwa nini wataalamu wa ubongo huwataja wawili hawa katika somo moja.

Ndani ya ubongo kuna seli zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini na kuisafirisha kwa njia kadhaa. Njia moja huenda sehemu inayoratibu mwendo: kufunga vifungo, kushika kasia, kupiga hatua. Nyingine, jirani yake, huenda sehemu inayotufanya tutamani na kurudia kilichotupendeza. Katika ugonjwa wa Parkinson, seli za njia ya kwanza hufa polepole, na dalili zinapoonekana nyingi zimekwisha kupotea. Heroini huifurikisha njia ya pili, hata ubongo ukajifunza kuuweka unga mbele ya chakula, kazi na watoto. Ndiyo maana kumwambia mtu "acha" mara nyingi hakutoshi.

Mwaka 1982, huko California, Marekani, vijana kadhaa waliojidunga heroini bandia walikauka mwili ghafla kama wazee wenye Parkinson. Daktari William Langston na wenzake waligundua kwamba sumu iliyokuwa ndani yake, MPTP, iliua seli zile zile za mwendo. Kinyume chake pia hutokea: baadhi ya dawa za Parkinson huweza kumtia mgonjwa tamaa ya kamari isiyozuilika, hata kama hakuwahi kucheza maishani mwake. Tabia njema peke yake haikumkinga.

Hapa Tanzania, utafiti wa nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2008, uliwapata wagonjwa 33 wa Parkinson kati ya watu wapatao 161,000. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaugua nini. Tunaamini visiwani hali haiwezi kuwa bora zaidi.

Tiba zipo. Levodopa hugeuka dopamini ubongoni na kurahisisha mwendo, ingawa haiponyi. (Mbegu za upupu, huo huo unaowasha, zina levodopa ya asili, lakini kiasi chake hutofautiana, hivyo tusianze kuzichemsha jikoni.) Kwa watumiaji wa heroini, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni Februari 2011. Hushika mahali pale pale heroini inaposhika, ila taratibu, na mtu hupata utulivu wa kufanya kazi.

Ugumu ni kwamba dawa zote mbili ni za kila siku, na methadoni, hasa mwanzoni, hunywewa mbele ya mhudumu. Mtu wa Kilindoni anayelazimika kuvuka hadi Nyamisati kufuata dozi hawezi kudumu. Nauli moja ya kumpeleka mgonjwa kupimwa ni msaada mzuri, lakini kinachohitajika hasa ni makazi karibu na kliniki kwa miezi ya mwanzo, na kwa mzee, dawa isiyokatika.

Kamati zijadili: katika mtaa wenu, nani mkono wake hutetemeka ukiwa umetulia, hatua zake zimefupika, na bado hajamwona daktari?