Somo: Mwanafunzi Aliyepelekwa Porini ni Mfanyakazi au Siyo?

Nchi Jirani: Kenya



Wengi wetu tuna watoto vyuoni. Siku moja mtoto huleta barua nyumbani: chuo kinataka aende miezi mitatu akajifunze kazi kwa vitendo. Mmoja hupelekwa kiwandani, mwingine ofisini, na mwingine kwa walinzi wa wanyama pori. Leo tuwatazame hawa wa porini katika nchi jirani ya Kenya. Kazi yao ina hatari, na swali lao ni swali la kila mwanagenzi popote alipo.

1. Kazi yenyewe

Inakadiriwa kwamba mwaka 1973 Kenya ilikuwa na tembo 167,000. Kufika 1989 walibaki kama 16,000. Majangili walikuwa wamewamaliza kwa ajili ya pembe. Ndipo lilipoundwa shirika la serikali la kulinda wanyama pori, lililoanza kazi mwaka 1990. Askari wake hufundishwa Manyani, katika hifadhi ya Tsavo Magharibi. Naivasha, mahali penye mashamba makubwa ya maua, pana chuo cha mafunzo na utafiti wa wanyama pori.

Mwanafunzi akifika kituoni hafanyi kazi moja. Huhesabu wanyama, hufuatana na askari kuondoa mitego ya waya, huandika habari za doria, huwasikiliza wakulima walioliwa mahindi na tembo, na husaidia kupanga majalada ya kesi. Kushika bunduki na kupambana na majangili si kazi ya mwanafunzi. Hiyo ni kazi ya askari aliyefuzu.

2. Nguvu ya daftari

Msidhani kwamba kuandika ni kazi ndogo. Shirika la WildlifeDirect lilichunguza kesi za wanyama pori zilizopelekwa mahakamani kati ya 2008 na 2013. Katika kila watu 100 waliopatikana na hatia kwa makosa ya tembo na vifaru, ni kama 4 tu waliofungwa jela. Majalada mengi hayakuonekana kabisa.

Tazameni pia kesi ya Mombasa. Mwaka 2014 zilikamatwa pembe za ndovu zaidi ya tani 2. Mwaka 2016 mfanyabiashara mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 20. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ilimwachilia, kwa kuwa iliona upungufu katika ushahidi.

Mfanyakazi wa mkonge ataelewa upesi. Robota likitoka kiwandani bila namba, bila uzito na bila sahihi ya aliyelipokea, likipotea utamwuliza nani? Pembe nayo ni vivyo hivyo. Iliokotwa wapi, saa ngapi, na nani? Nani aliipokea, na akaiweka wapi? Kiungo kimoja kikikatika, kesi inaanguka. Wala daftari halimlindi tembo peke yake. Linamlinda pia mwanakijiji aliyekamatwa bila kosa, maana maandishi ya kweli yataonyesha kwamba hakuwapo.

3. Sheria inasemaje?

Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 kuhusu fidia ya ajali kazini inamhesabu mwanagenzi mwenye mkataba kuwa ni mfanyakazi. Akiumia kazini, ana haki. Lakini mwanafunzi wa miezi mitatu, mwenye barua ya chuo tu, hana mkataba wa namna hiyo. Amesimama mlangoni, hayumo ndani wala hayuko nje. Ndiyo sababu ofisi nyingi humtaka alete bima yake mwenyewe ya ajali, na mara nyingi mzazi ndiye anayeilipia.

Tena fidia hiyo hupimwa kwa mshahara. Mfanyakazi aliyelemaa kabisa huhesabiwa mapato ya miezi 96. Sasa mwanafunzi asiyelipwa hata senti, miezi yake 96 itahesabiwa kwa kipimo gani?

Iko pia sheria ya wanyama pori ya mwaka 2013. Hiyo iliweka fidia ya shilingi za Kenya milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama, na milioni 3 kwa aliyelemaa. Haki hiyo haichagui cheo: mkata mkonge aliyekutana na tembo njiani anayo pia. Lakini familia nyingi zimengoja malipo miaka mingi. Haki iliyoandikwa bila kufuatiliwa haijazi chungu.

4. Kabla ya kutia sahihi

Mzazi na mwanafunzi waulize mambo haya, na majibu yaandikwe:

(a) Nani msimamizi wake wa kila siku?
(b) Ni kazi zipi hataruhusiwa kufanya?
(c) Nani analipa bima, na bima hiyo inafika porini au inaishia ofisini?
(d) Akiumwa na nyoka au akipata ajali ya gari, nani atampeleka hospitali?
(e) Chakula, malazi na nauli ni juu ya nani?
(f) Je, anajifunza, au anajaza nafasi ya mfanyakazi aliyeondolewa?

Swali la mwisho linatuhusu sisi sote. Mwanafunzi anayefanya kazi ya mtu mzima bila malipo ananyonywa yeye, na mshahara wa mwenzake unashushwa. Lakini tusimfukuze kijana huyo. Tumfundishe kazi, tumwandalie mkataba, naye atakuja kuwa mwanachama aliyeiva.

Maswali ya majadiliano tawini

1. Mahali penu pa kazi wako wanafunzi wangapi? Wana karatasi gani mkononi?
2. Mmoja wao akikatwa kidole na mashine leo, nani atalipa?
3. Ni vipengele gani vya kumlinda mwanafunzi mngetaka viingie katika mkataba wa hiari kati ya chama na mwajiri?