Nauli Yangu ya Hija Ilitoka Wapi?



Masomo ya kusoma: Mdo 8:26-40, Yak 5:1-6

Mwaka juzi vijana wa parokia yetu tulikwenda hija Bagamoyo. Tulitoka Sanya Juu alfajiri, Kosta imejaa, nyimbo juu. Boma Ng'ombe, Moshi, Same, Korogwe, Segera, na pale Msata tukakunja kushoto kuelekea baharini. Mimi ndiye niliyekuwa naanzisha nyimbo. Ila kuna jambo sikumwambia mtu: nauli yangu ilikuwa mshahara wa binti anayenisaidia dukani. Nilimwambia, "Vumilia, biashara ngumu." Huo ulikuwa mwezi wa pili.

Bagamoyo ndipo ilipoishia njia ya misafara iliyotoka Ujiji kupitia Tabora, yapata kilomita 1,200. Walipita watumwa na pembe za ndovu. Walipita pia wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliobeba mizigo kwa ujira. Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni hapo, wakakomboa watumwa na kuwaanzishia kijiji. Shirika hilohilo ndilo lililofika Kilema mwaka 1890. Kwa hiyo imani yetu huku mlimani ina undugu na ile njia.

Kwenye makumbusho ya misheni nilisimama mbele ya minyororo. Nikawaza: njia ni moja, mmoja anatembea kwa ujira, mwingine bure kwa nguvu. Je, yule binti wa dukani kwangu yuko upande gani? Jamani, nilitamani kutoka nje.

Mwethiopia wa kwenye Matendo naye alikuwa safarini, anarudi kutoka kuabudu Yerusalemu. Maandiko anayo mkononi, anasoma, lakini haelewi. Ndipo Mungu akamtuma Filipo kwenye barabara ya kwenda Gaza, akapanda garini na kumfafanulia. Kumbe mtu anaweza kwenda hija, akashika Biblia njia nzima, na bado asielewe! Filipo wangu ilikuwa ile minyororo. Nikakumbuka onyo la Mtume Yakobo: ujira uliozuiliwa unalia, na kilio chake kinamfikia Bwana.

Jioni ile nikampigia binti simu. Nikamwambia ukweli, nikaomba msamaha, nikamtumia hela yote ya matumizi niliyobaki nayo. Deni lililobaki nilimaliza mwisho wa mwezi. Alikaa kimya, halafu akasema, "Asante kaka. Mama alikuwa anasubiri dawa." Sikulala vizuri. Kesho yake, kabla ya Misa, nikaenda kuungama.

Mpendwa, hija haianzi gari linapowashwa. Inaanza na hela ya nauli: imetoka wapi, na nani amelia ili ipatikane?

Tafakari wiki hii:
1. Nani ananidai, na nimekuwa nikimwambia "vumilia"?
2. Dada wa kazi, kibarua wa shamba, fundi: nawalipa kwa wakati?
3. Nimtangulizie nani haki yake kabla sijatoa sadaka Jumapili?

Tusali: Bwana Yesu, unayetembea nasi njiani, utufungue macho tuone jasho la wenzetu, na utupe moyo wa kulipa kabla hatujaombwa. Amina.