UFAHAMU NA UFUPISHO: Ujuzi Usiorudiwa Hufifia

Mtahiniwa, soma habari hii mara mbili: kwanza uielewe kwa jumla, kisha uirudie ukiwa na kalamu mkononi. Jibu maswali kwa maneno yako mwenyewe.

HABARI

Mwaka 1885 mwanasaikolojia wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri silabi zisizo na maana, kisha akapima kiasi alichokumbuka kadiri muda ulivyopita. Aligundua kuwa sehemu kubwa husahaulika mapema, ndani ya saa na siku za mwanzo. Baadaye kasi ya kusahau hupungua.

Kwa mkunga, kusahau kunaweza kugharimu uhai. Mtoto mchanga asiyepumua anapaswa kuanza kusaidiwa ndani ya dakika moja tangu azaliwe. Hakuna muda wa kufungua daftari. Tena, kwa kuwa watoto wengi hupumua wenyewe, mkunga anaweza kukaa muda mrefu bila kumhudumia mmoja wa namna hiyo, huku ujuzi wake ukififia.

Ndiyo maana mafunzo ya afya hutumia mazoezi ya mwigo, yaani kutenda kazi katika hali iliyobuniwa ifanane na ile halisi. Mwaka 2010 Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, ilitoa mafunzo ya siku moja kwa kutumia mwanasesere. Miezi kadhaa baadaye wahudumu walifanya vizuri zaidi kwenye mwanasesere, lakini utendaji wao katika chumba cha kujifungulia haukubadilika. Hospitali ikaanzisha mazoezi ya dakika chache yaliyorudiwa kila wiki palepale kazini. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa.

Kompyuta na simu zimerahisisha kurudia huko. Programu iitwayo LIFE, iliyobuniwa na Chuo Kikuu cha Oxford pamoja na watafiti wa Kenya, humwingiza mhudumu katika hospitali ya kwenye skrini. Huulizwa hatua ipi ifuate. Akikosea husahihishwa na kurudia, wala hakuna mgonjwa anayedhurika. Hata hivyo, skrini hufunza zaidi mpangilio wa hatua na kufanya uamuzi. Kushika barakoa usoni pa mtoto hewa isivuje hujifunzwa kwa mikono. Kompyuta na mwanasesere hukamilishana.

MASWALI

1. Kwa nini ujuzi wa mkunga unaweza kufifia ingawa yuko kazini?
2. Mafunzo ya siku moja yalifanikisha nini, na yalishindwa nini?
3. Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika: (a) ukififia (b) mwigo (c) hukamilishana.
4. Fupisha aya ya mwisho kwa maneno yasiyozidi 30.

MWONGOZO

Swali la 2 lina sehemu mbili; usijibu moja ukaacha nyingine. Ukiandika kuwa mafunzo ya siku moja "hayakufaa", umekosea, kwa sababu habari inasema wahudumu waliimarika kwenye mwanasesere. Kilichokosekana ni ujuzi huo kuonekana katika huduma halisi.

Katika swali la 4, acha jina la programu na waliobuni. Bakiza hoja tatu: kurudia kumekuwa rahisi na salama, skrini hufunza hatua na uamuzi, mikono huhitaji mwanasesere. Ziunganishe kwa viunganishi, kisha hesabu maneno.

Ukimaliza, funga kitabu. Baada ya siku tatu andika ufupisho huo tena bila kuchungulia, halafu linganisha na wa kwanza. Rudia baada ya wiki. Hoja utakayoikosa ndiyo ya kuanza nayo siku inayofuata. Usisubiri usiku wa kuamkia mtihani. Wahudumu wa Haydom walinufaika kwa dakika chache zilizorudiwa kila wiki.