Roboti, Betri ya Akiba na Jirani Yangu



Safari hii nawaandikia hasa ninyi wana-TYCS na wengine mlio kwenye klabu za sayansi mashuleni, mnaounda viroboti vidogo na kujiandaa kwa mashindano ya mazoezi, yale ya kirafiki yasiyo na kombe. Swali letu ni moja tu. Betri ya timu pinzani imekufa dakika tano kabla ya mechi, na wewe unayo ya akiba mfukoni. Unaitoa, au unajifanya hukuona?

Soma kwanza: Kutoka 31:1-11 na Mithali 27:17.

1. Roboti ni nini hasa?

Nenda Forodhani jioni, simama mbele ya muuza juisi ya miwa. Rola za chuma zinazunguka, gia inaisukuma gia mwenzake, muwa unaingia, juisi inatoka. Mashine nzuri, lakini haijui kitu. Ukipitisha kijiti itakisaga vilevile.

Roboti imeongezewa mambo mawili: sensa ya kutambua na programu ya kuamua. Chukua ile sensa ya kupima umbali, yenye duara mbili kama macho. Duara moja inatoa sauti tusiyoisikia, ya pili inasubiri mwangwi, kama afanyavyo popo. Sauti hewani husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya elfu mbili za sekunde (0.002), sauti imetembea sentimita 68 kwenda na kurudi, basi ukuta uko sentimita 34 mbele. Programu inasema: ikiwa umbali ni mdogo kuliko huu, geuka. Roboti inageuka.

Lakini hebu tuulize kifalsafa kidogo. Je, imeamua? Hapana. Imetii kilichoandikwa. Haioni kijicho, haina huruma, haijui kwamba yule aliyekwama pembeni anakaribia kulia. Hayo yote yamebaki kwetu. Kwenye suala la betri, anayepimwa ni wewe.

2. Mechi ya kirafiki ni ya nini?

Ni ya kutafuta kasoro. Nyumbani roboti yako inakwenda vizuri juu ya meza ileile kila siku. Ukifika ukumbi wa wenzako, sakafu inateleza, tairi zinazunguka bure. Jua la dirishani linaichanganya sensa ya mwanga, roboti inaacha mstari. Waya uliolehemiwa haraka unachomoka kwa kugongwa mara moja. Mpinzani ndiye aliyekufunulia hayo bila malipo. Ndiyo maana Mithali inawafananisha watu na vyuma vinavyonoana. Kisu hakijinoi chenyewe.

Sasa, ikiwa mpinzani ananinoa, akishindwa kuingia uwanjani mimi nimepata nini? Ushindi wa mezani, na roboti butu.

3. Adui yetu hasa

Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kuwa kijicho ni huzuni juu ya mema ya mwenzako, kana kwamba mema yake yamekupunguzia wewe. Jamani, tunakijua hiki. Shule fulani imekuja na seti kamili ya vifaa kwenye boksi, sisi tumekuja na kadibodi, vifuniko vya chupa na mota za kuchomoa kwenye matoi mabovu. Roboti yao ikigoma, kitu ndani kinatabasamu. Upande wa pili pia kuna dhambi yake: wenye boksi kuwacheka wenye kadibodi.

Kumpenda mtu ni kumtakia mema. Tena akili hapa inahitajika: kabla ya kuazima betri hakikisha volti zinalingana, usije ukamuunguzia bodi kwa wema wako.

Mtaniuliza, “Frateri, kwani huo si ujinga? Nimsaidie halafu anishinde?” Hapana, kumsaidia si kumwachia. Mpe betri, kisha cheza kwa nguvu zako zote. Kulegeza makusudi ni kumdharau. Na akikushinda kwa betri yako, umeshinda jambo moja ambalo ubao wa pointi hauna safu yake.

Aristotle alishasema kuwa fadhila inakuja kwa kutendwa tena na tena, kama fundi anavyokuwa fundi kwa kujenga. Ukinyima leo pasipo kombe, siku ya kombe utapata wapi moyo wa kutoa? Mechi ya mazoezi inafanyisha mazoezi roboti na roho kwa pamoja.

4. Mfano wa Washington

Julai 2017 vijana wa nchi zaidi ya 150 walikutana Washington, Marekani, kwenye mashindano ya kwanza ya FIRST Global. Mchezo ulihusu maji: mipira ya buluu ilikuwa maji safi, ya chungwa ilikuwa uchafu. Nchi tatu zilicheza upande mmoja dhidi ya nchi tatu nyingine, na makundi yalibadilika kila mechi. Mpinzani wa asubuhi angeweza kuwa mwenzako mchana.

Wasichana wa Afghanistan walikuwepo. Vifaa vyao vilikuwa vimekwama forodhani kwao, wakabaki na muda mfupi wa kuunda, na viza walinyimwa mara mbili kabla ya kuruhusiwa. Waliondoka na medali ya fedha ya ujasiri.

5. Bezaleli na Oholiabu

Kwenye somo la Kutoka, Mungu anamjaza Bezaleli Roho wake kwa ajili ya ufundi. Ndiyo, ufundi! Kisha anampa mwenzake, Oholiabu. Mmoja ni wa Yuda, kabila kubwa. Mwingine wa Dani, uzao wa Bilha, kijakazi wa Raheli. Wa boksi na wa kadibodi, hema moja.

Kwetu Unguja wengi wa wenzetu wa timu ni Waislamu. Upendo uonekane kwenye ratiba: mazoezi yasigonge sala ya Ijumaa wala Misa ya Jumapili, na mwezi wa Ramadhani tumalize mapema wenzetu wawahi kufuturu. Atakayeuliza imani yetu aione hapo kwanza.

Maswali ya kujadili

1. Ni kasoro gani yako ambayo mpinzani ndiye aliyekuonesha?
2. Nani kwenye klabu yenu hashiki bisibisi kamwe, anaangalia tu? Kwa nini?
3. Mmewahi kushangilia kukwama kwa wengine?

Azimio la wiki: Wekeni kwenye boksi la vifaa kitu kimoja cha akiba kwa ajili ya timu nyingine: betri, waya, hata nati mbili.

Sala: Ee Mungu, uliyemjalia Bezaleli ustadi na kumpa Oholiabu awe mwenzake, tupe mikono hodari na mioyo isiyo na kijicho. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.