Maji, rangi au idadi? Vidokezo vya kunyauka kwa Kiingereza

Ukimsikia mtu akisema kanga yake imenyauka, unajua papo hapo kwamba Kiswahili amejifunzia ukubwani. Kanga huchujuka. Mchicha hunyauka, sauti hufifia, uso husinyaa, bahari hupwa. Haya hatuyachanganyi. Ila tukigeukia Kiingereza, iwe ripoti ya kilimo au barua ya kuomba ufadhili, tunabandika “fade” au “dry” popote pale na kumwachia msomaji kazi ya kubahatisha. Ataelewa, lakini atatabasamu kidogo.

1. Kwanza jiulize kilichoondoka ni nini. Maji? Rangi? Idadi? Nguvu? Jibu ndilo linalochagua neno, kama linavyofanya kwenye Kiswahili chako cha nyumbani.

2. “Wilt” ina matumaini, “wither” haina. Mchicha uliochumwa alfajiri ukaachwa juani hadi saa sita mchana umelegea kwa sababu seli zake zimepungukiwa maji yanayozifanya zisimame. Unyunyizie, uweke kivulini, utainuka. Hiyo ni “wilt”. Ukiusahau hadi ukawa unavunjikavunjika mkononi, umeshaingia kwenye “wither”, na hata ndoo nzima ya maji haitausaidia. Afisa ugani akiandika kwamba mahindi “wilted”, mkulima bado anaweza kumwagilia. Akiandika “withered”, kinachofuata ni kuhesabu hasara.

Kuna pahali ambapo kanuni hii inapinda, napo ni kwenye majina ya magonjwa. Mnyauko wa migomba, ule ulioripotiwa Uganda mwaka 2001 na baadaye ukavuka hadi Kagera, kwa Kiingereza unaitwa “wilt” vilevile, japo hakuna cha kuinuka pale. Bakteria huvuruga njia za maji ndani ya mgomba, hivyo umwagiliaji haufui dafu. Shina lililougua hukatwa, na panga husafishwa kabla ya kugusa mgomba mwingine. Na mtu akikutupia “withering look”, hajakauka yeye: amekutazama kwa dharau ya kukukausha wewe.

3. “Shrivel” inadai mikunjo. Zabibu ya Dodoma iliyokaushwa, sawa. Pazia lililopauka, hapana. Ndugu yake “wizened” hutumiwa zaidi kwa nyuso za wazee, na hapo wengi hutegwa: haina uhusiano na hekima, na silabi yake ya kwanza hutamkwa “wi”, si “wai”. Usimsifu babu wa mtu kwa neno hilo.

4. “Fade” ni ya kinachoonekana, kinachosikika au kinachokumbukwa. Rangi ya kanga, mlio wa basi linaloishia zake, sura ya mwalimu wa darasa la pili. Vijana wanalijua neno hili zaidi kutoka kwa kinyozi kuliko walivyolijua darasani, na kinyozi yuko sahihi kuliko kamusi nyingi: nywele zinapungua taratibu kuelekea shingoni, na huwezi kuonyesha zilipoishia. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ile ya Mfalme James, katika Isaya 40 imezipa nyasi “wither” na ua ikalipa “fade”. Ukitaka maandishi yako yanukie ubani wa kanisani, fuata njia hiyo.

5. Watu wa Pwani wana bahati na “ebb”, kwani ni kupwa kulekule. Maji hupwa kwa muda wa saa sita na dakika kadhaa, kisha yanaanza kujaa, kwa hiyo neno hili hubeba fununu ya kurudi. Timu ambayo morali yake iko “at a low ebb” bado inaweza kushinda mwezi ujao. “Wane” nayo ni ya mwezi uliopita upevu wake, na siku hizi pia ya ushawishi wa wanasiasa. Kinyume chake ni “wax”, ambayo hapa haihusiani na nta.

6. “Dwindle” ni ya hesabu na akiba: tembo, wanachama wa ushirika, salio la benki. Ua moja haliwezi “dwindle”, hata lijitahidi vipi. Mto unaokatika ni “dry up”. Mto Ruaha Mkuu, ambao zamani ulitiririka mwaka mzima ndani ya Hifadhi ya Ruaha, ulianza kukatika wakati wa kiangazi mwaka 1993, na sababu kubwa inayotajwa ni maji kuchepushwa huko juu, Usangu, kwenda kwenye mashamba ya mpunga. Hapo “dried up” imekaa mahali pake. Lakini ukiwa Uingereza, mwenyeji akikuomba “dry up” baada ya chakula, anataka ufute vyombo vilivyooshwa. Akiisema kwa ukali, anataka unyamaze.

7. “Languish” hutaka muda na mahali. Mahabusu anayesubiri kesi, faili lililolala masijala, timu iliyoganda mkiani mwa ligi. Siku mbili tatu hazitoshi.

8. Mguu uliotolewa hogo ukawa mwembamba kuliko mwenzake: “atrophy”. Mgonjwa anayekonda mwili mzima: “waste away”.

9. Mitego mitatu ya mwisho. “Flag” kama kitenzi si bendera. Ni kulegea, kama mkimbiaji wa marathoni baada ya kilomita ya 35. “Peter out” haimhusu Petro yeyote. Ni msemo wa wachimbaji wa Marekani wa karne ya 19, mshipa wa madini ulipozidi kuwa mwembamba hadi ukaisha. Na “fizzle out” ni ya jambo lililoanza kwa kishindo likaishia kimya, mfano kampeni ya usafi inayozinduliwa kwa matarumbeta. Ila ujue kwamba katika karne ya 16 “fizzle” ilikuwa ni kutoa shuzi. Amua mwenyewe kama utaiweka kwenye hotuba ya mgeni rasmi.

Ukikwama kabisa, andika “decline”. Haina rangi wala mikunjo, haimchekeshi mtu, na wafadhili huisoma bila kukunja uso. Kwa barua ya mapenzi, tafuta jingine.