Matumbawe katika Pengo la Mfupa

Mfupa uliovunjika kwa kawaida huunga wenyewe. Lakini pengo kubwa, kama lile linalobaki baada ya kuondolewa uvimbe, haliungi, lazima lijazwe. Njia inayotegemewa zaidi ni kuchukua mfupa katika nyonga ya mgonjwa huyohuyo. Ni njia njema, ila mfupa upatikanao huko ni haba, na mgonjwa huamka na kidonda cha pili ambacho pengine humuuma kuliko kile kilichomleta hospitalini.

Kwa sababu hiyo watafiti walitafuta kiunzi, yaani kitu kigumu chenye matundu yanayoungana, ambamo mishipa ya damu itapenya na seli zijengazo mfupa zitatua. Mojawapo ya viunzi hivyo hutokana na matumbawe ya jamii ya Porites, yaleyale ambayo mafundi wa pwani yetu waliyachonga kupamba mihirabu ya misikiti ya kale. Matundu yake hukaribia mikromita 200, nayo huungana kwa mpangilio ambao kiwandani ni vigumu kuuiga.

Tatizo ni kemia. Matumbawe ni kalsiamu kabonati, na mwilini huyeyuka upesi. Kiunzi huweza kutoweka kabla mfupa mpya haujajaza nafasi. Mwaka 1974 Roy na Linnehan walionyesha kwamba matumbawe yakipashwa joto kali chini ya shinikizo, ndani ya maji yenye fosfeti, hugeuka kuwa haidroksiapataiti, madini yanayofanana na yale ya mfupa, na matundu yakabaki kama yalivyokuwa. Hata hivyo, kilichogeuzwa chote hukawia kupita kiasi: miaka kadhaa baadaye bado huonekana katika picha ya eksirei.

Suluhisho lililofuata ndilo linalonivutia zaidi. Mageuzi husimamishwa mapema, ili uso tu wa matundu uvae utando wa haidroksiapataiti wenye unene wa mikromita chache, huku kiini kikibaki kabonati. Seli zilazo mfupa hukutana kwanza na utando huo, ambao huzichelewesha. Zikishautoboa, kiini huyeyuka kwa haraka. Wakati huo mfupa mpya umekwisha kushika kuta. Kwa hiyo unene wa utando ndio unaopanga muda.

Kiunzi hiki ni chepesi kuvunjika. Katika mfupa unaobeba uzito, kama wa paja, hakiwekwi bila bamba la chuma na skrubu za kuushikilia mpaka mfupa wenyewe ukomae.